Gobore la marehemu halitumwi kwa basi

WAZEE wakishamaliza kuhesabu ng'ombe, mashamba na madeni ya marehemu, mara nyingi hubaki kitu kimoja ambacho hakuna anayetaka kukitaja kwa sauti. Kiko darini juu ya jiko, kimeviringishwa kwenye gunia na kushika masizi. Ni gobore.

Msomaji anaweza kujiuliza gobore linahusiana nini na ukurasa wa biashara na kilimo. Linahusiana sana. Katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, gobore lilikuwa kwa miaka mingi kifaa cha shamba kama jembe na panga. Lilifukuza nyani na nguruwe pori, na usiku lililinda zizi. Leo kifaa hicho kinaweza kumpeleka mkulima gerezani miaka 20, na mfanyabiashara mdogo anayesafirisha mizigo akajikuta ndani ya kesi hiyo hiyo kwa sababu ya kiroba ambacho hakukifungua.

Tuchukue mfano wa familia moja ya Nyambureti, wilayani Serengeti. Baba amefariki. Mtoto wa kwanza anaishi Dar es Salaam, amejenga, na kwenye simu anamwambia mdogo wake: lile gobore la babu msiliache lioze, lifungeni vizuri mnitumie, nitalitundika sebuleni. Baruti hataki, fataki hataki, anataka ukumbusho tu. Mdogo mtu analifunga katikati ya miwa, anashona kiroba, anaandika namba ya simu juu yake, analipeleka stendi ya Mugumu, analipa nauli ya mzigo na kupewa risiti.

Hapo hakuna aliyeua swala wala aliyemtishia mtu. Lakini hesabu watu ambao tayari wameishika silaha isiyo na leseni: mdogo mtu, wakala wa basi aliyepokea kiroba, kondakta aliyekipanga kwenye buti, na kaka mtu atakayekwenda kukichukua Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi. Basi likisimamishwa njiani na mizigo ikapekuliwa, wa kwanza kuulizwa ni kondakta. Anaweza kweli kuwa hajui kilichomo, na sheria huangalia kama mtu alijua alichonacho, lakini maelezo hayo atayatoa akiwa mahabusu, na basi halitamsubiri.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyofuta ile ya mwaka 1991. Msingi wake ni mwepesi kuuelewa: mtu hawezi kuwa na silaha ya moto bila leseni, na leseni ni ya mtu huyo na silaha hiyo. Adhabu iliyoandikwa ndani ya sheria hiyo kwa kumiliki bila leseni ni faini isiyozidi shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miaka 15, au vyote viwili. Wengi wanaoisoma huishia hapo, wakadhani kwamba likitokea la kutokea, familia itauza ng'ombe ilipe faini.

Hapo ndipo wanapokosea. Kumiliki silaha kinyume cha sheria kumeorodheshwa pia katika Sheria ya Uhujumu Uchumi, na marekebisho ya mwaka 2016 yaliweka kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30 kwa makosa ya sheria hiyo. Ndiyo sababu mkulima aliyekamatwa na bomba la chuma lililofungwa kwenye kitako cha mti husomewa shitaka la uhujumu uchumi, neno ambalo yeye amezoea kulisikia kwa watu waliokula fedha za umma. Hukumu za namna hiyo kwa kesi za gobore ni nyingi katika kumbukumbu za mahakama zetu. Wako walioachiwa kwenye rufaa, kwa mfano pale upande wa mashitaka uliposhindwa kuthibitisha kwamba kitu kilichokamatwa ni silaha kweli, au kuonyesha kilipita mikononi mwa nani kutoka siku ya kukamatwa hadi mahakamani. Lakini rufaa huchukua miaka, na miaka hiyo mtu huisubiri akiwa ndani.

Mimi kazi yangu ni hesabu za mashamba, basi nizifanye. Tuseme mkulima ana ekari 2 za mahindi, anapata gunia 8 kwa ekari, na anauza gunia kwa shilingi 60,000. Hizo ni shilingi 960,000 kwa mwaka. Kwa miaka 20 ni shilingi milioni 19.2, kabla hujaweka ng'ombe, mihogo, ulezi na ada za watoto ambao hakuna wa kuwalipia. Bei hizo ni za mfano, kila mtu aweke za kwake. Upande wa pili wa mizani weka bomba lenye kutu ambalo halipati hata bei ya chuma chakavu.

Sasa lile swali ambalo watu hulileta kama utetezi: hili si bunduki, ni kitu cha kale. Ukweli ni kwamba duniani utetezi huo upo. Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo, iliyotiwa saini mwaka 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Tanzania ikiwemo, inazitoa silaha za kale katika maana ya silaha ya moto na kuiachia kila nchi iseme kwa sheria yake ni zipi. Lakini inaweka ukomo: silaha yoyote iliyotengenezwa baada ya mwaka 1899 haiwezi kuitwa ya kale. Gobore lililofuliwa na fundi wa kijijini kwa bomba la maji, hata kama limeshika moshi kiasi gani, halina umri huo. Sura yake ni ya mwaka 1850, umri wake pengine ni wa juzi. Kutengeneza silaha bila leseni nako ni kosa linalojitegemea, kwa hiyo kumtaja fundi hakumsaidii mtu. Kunaongeza mshitakiwa mwingine.

Yako machache ambayo ni ya zamani kweli. Katika karne ya 19 bunduki za kupakia mdomoni ziliingia bara kwa wingi kupitia Zanzibar na mwambao. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza aliyekuwa Zanzibar alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipita huko kwa mwaka. Nyingi zilikuwa takataka za majeshi ya Ulaya yaliyokwisha kupata bunduki mpya. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipokuja kuzuia silaha Afrika, ulizibana bunduki za kisasa na risasi zake, lakini ukaacha mwanya kwa bunduki za gumegume na baruti ya kawaida ya biashara. Wakubwa walijua wanachofanya: nzuri zibaki kwao, mbovu ziendelee kuuzwa. Gobore kuwa bunduki ya mtu wa kijijini kulianzia kwenye meza za mikutano kama ule.

Ukiwa na bunduki ya kale ya kweli, usidhani umetoka kwenye matatizo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavihesabu vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 kuwa masalia ya kale, na huwezi kuvitoa nje ya nchi bila kibali. Hili liwaguse wauza vinyago wa Mugumu, Natta na karibu na lango la Fort Ikoma. Mtalii akikuuliza kama unaweza kumpatia bunduki ya zamani na kumtumia kwao kwa posta, jibu ni hapana, kwa pande zote mbili. Ikiwa ni ya zamani kweli inahitaji kibali cha mambo ya kale. Ikiwa ni ya kuiga au ya juzi ni silaha, na kuingiza au kutoa silaha nchini kunataka kibali cha mamlaka ya silaha. Na kabla hujafika huko kote, wewe muuzaji ulikuwa nayo dukani kwa leseni gani?

Biashara ya posta ya bunduki za mtindo wa kale ni kubwa kwa wenzetu wa Marekani, na ndiko mkanganyiko mwingi unakotoka, maana vijana wetu walioko huko huona kwa macho yao. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 inasema silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, na hata ya kuiga iliyotengenezwa jana, mradi haitumii risasi kamili zenye ganda, haihesabiwi kuwa silaha ya moto kwa sheria ya taifa. Viwanda vya Italia kama Uberti na Pietta hutengeneza bastola za kupakia baruti zinazofanana kabisa na Colt za miaka ya 1850 na 1860, na Mmarekani katika majimbo mengi huagiza moja na kuletewa mlangoni kama anayeagiza viatu. Bastola ya kisasa haiendi hivyo. Kwa miaka mingi, tangu sheria ya mwaka 1927, mtu wa kawaida alizuiwa kuituma kwa posta, na kinyume chake hizi za kale zikapata nafuu.

Uingereza hawakulegeza kiasi hicho. Ya kale ya kweli unaweza kuitundika ukutani kama pambo bila cheti. Ya kuiga, iliyotengenezwa kiwandani ili ilipue baruti, inataka cheti cha polisi hata kama umbo lake ni la zama za mababu, na baruti yenyewe ina cheti chake.

Kwa hiyo ndugu aliyeko Texas akisema atamletea baba zawadi ya bastola ya kale na kwamba ni halali kabisa, hasemi uongo. Anasema sheria ya Texas. Mzigo ukifika kwetu unakutana na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ambayo inaziweka silaha na risasi za Sura ya 93 ya orodha ya forodha katika bidhaa zinazodhibitiwa. Na anayedhani ya kupakia mdomoni imesahauliwa aangalie ndani ya sura hiyo: ina kifungu chake peke yake, namba 9303.10. Vitu vya kale vina sura nyingine, ya 97, lakini huko kinachohitajika ni umri unaozidi miaka 100. Bastola mpya ya kuiga haina hata miaka 10. Mpokeaji aliyeandikwa kwenye kifurushi ni baba, mkulima wa Nyambureti ambaye hakuagiza kitu, na jina lake ndilo forodha itakalolisoma.

Baruti ni habari nyingine, na hapa hakuna nchi inayobembeleza. Katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya bidhaa za hatari, baruti nyeusi ina namba 0027 na iko katika kundi la vilipuzi vinavyoweza kulipuka vyote kwa mkupuo mmoja. Kanuni za Umoja wa Posta Duniani zinakataza vilipuzi ndani ya barua na vifurushi, na zinakataza hata mabomu na makombora ya kuiga yasiyo na kitu ndani, kwa sababu karani wa posta hawezi kujua lipi ni la kweli. Marekani yenyewe, pamoja na ulegevu wake wote kwa bastola hizo, haipokei baruti kwenye posta.

Kwetu Sheria ya Vilipuzi ya mwaka 1963 inataka kibali kununua, kutunza na kusafirisha baruti, na wakaguzi wake wako upande wa madini. Mkoa wa Mara una migodi mikubwa na midogo, kwa hiyo mjini si ajabu kumsikia mtu akisema ana jamaa yake mgodini anayeweza kumpatia kidogo. Baruti ya mgodini ina daftari lake. Inayotoka nje ya daftari hilo ni ya wizi, na ikikutwa ndani ya basi lenye abiria 60 hakuna atakayeuliza kama ilikuwa ya kufukuzia nyani.

Kwa wenye ofisi za mizigo: kazi ya kusafirisha vifurushi kwa malipo inatolewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, chini ya sheria ya mwaka 2010, na mabasi yanayobeba vifurushi yamekuwa yakitakiwa kuingia katika utaratibu huo. Wengi huona leseni hiyo kama kodi nyingine tu. Lakini aliyesajiliwa anapata sababu ya kumwambia mteja afungue mzigo mbele yake, aandike jina kamili na kilichomo, na aonyeshe kitambulisho. Mteja aliyeshona kiroba kwa sindano na hataki kukifungua, mwache aende nacho. Nauli ya mzigo mmoja haifiki hata bei ya kumlipa wakili kwa siku moja.

Kwa nini basi watu bado wanayaficha? Jibu liko shambani. Tembo wanaingia usiku, kundi moja linatembea ndani ya mahindi na kazi ya miezi 4 inakwisha kabla ya alfajiri. Kanuni za kifuta jasho za mwaka 2011 ziliweka malipo kwa kufuata umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi: shamba lililo ndani ya nusu kilomita halikupewa kitu, na lililo mbali zaidi ya kilomita 5 ndilo lililopewa kiwango cha juu, shilingi 100,000 kwa ekari, tena kwa ekari zisizozidi 5. Ukizidisha gunia 8 kwa bei ile ya mfano unapata shilingi 480,000 kwa ekari. Kanuni ile ilikuwa na maana yake, kuwazuia watu wasilime mlangoni kwa tembo, lakini mtu ambaye shamba la baba yake lilikuwepo pale kabla mpaka haujachorwa haisomi hivyo. (Viwango viulizwe kwa ofisa wanyamapori wa wilaya kabla ya kudai, na dai lipelekwe mapema, nyayo zikiwa bado zinaonekana.)

Naelewa hasira hiyo. Hata hivyo gobore kwa tembo ni kifaa kibovu. Risasi ya goroli haimwangushi, inamjeruhi, na tembo aliyejeruhiwa ndiye anayeua mtu kwenye kisima wiki inayofuata. Tochi zenye mwanga mkali, honi, moshi wa pilipili na mizinga ya nyuki iliyofungwa kwenye waya kuzunguka shamba vimetumika katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki kwa mafanikio ya wastani, hasa pale majirani wanapopeana zamu za kulinda. Nyuki angalau wanatoa asali. Na gobore likikutwa pamoja na kipande cha nyama ya pori, shitaka la pili linakuja chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009, nayo haina huruma.

Kuna sababu nyingine ya polisi wa Mara kutocheka wanapoona gobore. Baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, bunduki za kivita ziliingia katika wizi wa ng'ombe wa Tarime, na watu wengi walikufa. Mahali penye historia hiyo, kusema bunduki yangu ni ya mapambo hakumshawishi mtu.

Rudi kwa familia yetu. Baba alikuwa na leseni au hakuwa nayo? Kama alikuwa nayo, leseni haigawiwi kwenye kikao cha ukoo. Msimamizi wa mirathi apeleke taarifa polisi pamoja na leseni ya marehemu na cheti cha kifo, na silaha ikae mikononi mwa polisi. Mtoto anayeitaka aombe leseni yake mwenyewe: awe ametimiza miaka 25, apate cheti cha umahiri, na maombi yaanzie serikali ya kijiji na kata, yapitie kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya hadi kwa wanaotoa leseni. Asipokubaliwa, ndiyo basi.

Kama baba hakuwa na leseni, na gobore halina hata namba, hakuna leseni ya kuomba. Linasalimishwa. Serikali imewahi kutangaza vipindi vya msamaha, mwaka 2022 na tena mwaka 2023, ambapo aliyesalimisha kwa hiari ndani ya miezi ya Septemba na Oktoba hakushitakiwa. Kipindi kama hicho kikitangazwa redioni, usisubiri wiki ya mwisho. Nje ya kipindi cha msamaha hakuna ahadi ya maandishi, na ndiyo maana namna ya kwenda ina uzito wake.

Usilibebe. Mtu anayekutwa barabarani na gobore kwenye baiskeli akisema anakwenda kulisalimisha anasema kile kile ambacho kila aliyekamatwa husema. Liache pale lilipo, usilisafishe, na usijaribu kujua kama lina baruti ndani, kwa sababu la zamani linaweza kuwa limepakiwa tangu marehemu alipokuwa na nguvu. Nenda mikono mitupu kwa mtendaji wa kijiji ukiwa na mzee mmoja wa ukoo na mmoja wa majirani, eleza mbele yao kilichopatikana na siku kilipopatikana, kiandikwe. Mtendaji ampigie mkuu wa kituo cha polisi Mugumu, polisi waje walichukue nyumbani. Wakishalichukua, ombeni hati ya makabidhiano yenye jina na cheo cha aliyepokea, na nakala yake mumpe mtendaji.

Kaka wa Dar es Salaam apigiwe simu kabla ya hayo yote, asije akaagiza kiroba kwa mtu mwingine. Kama anataka kitu cha babu cha kutundika sebuleni, ulizeni kama kile kigoda chake bado kipo.